UZI: Hewa ya Dunia changa ilitoka wapi? Volkeno, nyotamkia na ushahidi wa gesi adimu

Mleta uzi

Wanajamvi, salaam.

Mjadala kuhusu asili ya hewa na maji ya Dunia umekuwa ukirudi humu mara kwa mara, na kila unaporudi hugawanyika katika kambi mbili: wapo wanaosema kwamba volkeno zilitapika kila kitu kutoka tumboni mwa Dunia, na wapo wanaosema kwamba nyotamkia zilileta kila kitu kutoka mbali. Naomba kuiweka hoja yangu wazi tangu mwanzo. Naamini kambi zote mbili zinakosea kwa sababu moja, nayo ni kuichukulia hewa kama mzigo mmoja uliofika kwa safari moja. Kila gesi ina ukoo wake, na gesi inayotusaidia zaidi kuzitenganisha koo hizo ni ile ambayo mwili hauna kazi nayo tunapopumua, yaani zenoni.

Nianze na kile ambacho Dunia haina. Sayari yetu iliundwa takribani miaka bilioni 4.5 iliyopita katika wingu la gesi na vumbi lililolizunguka Jua changa. Sehemu kubwa ya wingu hilo ilikuwa haidrojeni na heli, na inawezekana kabisa kwamba Dunia ilipokuwa ikikua ilijivutia kiasi fulani cha gesi hizo. Hewa ya namna hiyo haikudumu, na ushahidi wa jambo hilo ulionwa mapema. Mwaka 1924 Mwingereza Francis Aston alionyesha jinsi gesi adimu, yaani neoni, arigoni, zenoni na nduguze zisizoungana na elementi nyingine, zilivyo chache mno duniani, na mwaka 1949 Mmarekani Harrison Brown akaijengea hoja hiyo msingi kamili. Ichukueni neoni. Ndani ya Jua kiasi chake kinakaribiana na cha naitrojeni, lakini katika hewa tunayoivuta naitrojeni ni asilimia 78 ilhali neoni ni sehemu 18 tu katika kila sehemu milioni. Neoni haiungani na kitu chochote, hivyo haiwezi kujificha ndani ya madini wala kuliwa na viumbe. Kama hewa yetu ingekuwa mabaki ya lile wingu la kwanza, neoni ingekuwapo kwa wingi unaolingana na wa naitrojeni. Haipo. Kwa hiyo naitrojeni, kaboni na maji vilifika vikiwa vimefungwa ndani ya vitu vigumu, yaani mawe na barafu, kisha vikaachiliwa baadaye.

Njia ya kwanza ya kuachiliwa ilikuwa joto la Dunia yenyewe. Baada ya kugongwa na sayari changa ambayo wanasayansi huiita Theia, tukio linaloaminika kuwa ndilo lililozaa Mwezi, sehemu kubwa ya mawe ya Dunia iliyeyuka ikawa bahari ya magma. Magma iliyo chini ya shinikizo kubwa hubeba maji na kaboni dayoksaidi vikiwa vimeyeyuka ndani yake, na shinikizo linapopungua gesi hizo hutoka kwa povu, kama soda inavyofanya chupa inapofunguliwa. Kadiri magma ilivyoganda, madini yaliyokuwa yakijiunda hayakuweza kuyapokea maji yote, kwa hiyo maji yakazidi kukusanyika katika kimiminika kilichobaki hadi yakalazimika kutoka. Hewa iliyozaliwa hapo ilikuwa nzito ajabu: maji ya bahari za leo peke yake, yakigeuzwa mvuke wote, yangeikandamiza ardhi kwa shinikizo la takribani mara 270 ya shinikizo tulilo nalo sasa.

Mvuke huo ulipoa na kuwa mvua mapema kuliko ilivyodhaniwa zamani. Chembe za madini ya zirkoni kutoka Jack Hills, magharibi mwa Australia, zenye umri unaofikia miaka bilioni 4.4, zina uwiano wa isotopu za oksijeni (yaani atomi za elementi ile ile zenye uzito tofauti) unaoashiria kwamba magma iliyozizaa ilitokana na mawe yaliyokwisha kuguswa na maji ya kimiminika. Zirkoni za kale kama hizo zimetufundisha jambo jingine pia. Mwaka 2011 Dustin Trail na wenzake walipima kiasi cha seri ndani yake, elementi ambayo tabia yake hubadilika kulingana na kiwango cha oksijeni katika magma, wakaona kwamba magma za wakati huo zilikaribiana na za sasa. Volkeno zenye magma ya namna hiyo hutoa mvuke, kaboni dayoksaidi, naitrojeni na gesi za salfa. Hazitoi kwa wingi ile methani na amonia ambayo Stanley Miller aliitia katika chupa zake za jaribio maarufu la mwaka 1953 kuhusu asili ya uhai. Jaribio hilo lilikuwa la busara kubwa, lakini hewa iliyotumika humo haionekani kuwa ndiyo iliyotoka volkenoni.

Aliyeipa nadharia ya volkeno uzito wa hesabu ni William Rubey, mwanajiolojia wa Marekani, mwaka 1951. Alijumlisha maji, kaboni, klorini, naitrojeni na salfa vilivyomo katika bahari, hewa na mawe ya mashapo, akagundua kwamba kumomonyoka kwa mawe ya kale hakuwezi kabisa kuvitoa vyote. Ziada hiyo, alisema, ilipanda kutoka ndani ya Dunia. Sehemu moja ya hoja yake naiona haijapata mpinzani hadi leo, nayo inahusu arigoni. Katika Jua arigoni karibu yote ni ya uzito wa 36 na 38; katika hewa yetu asilimia 99.6 ya arigoni ni ya uzito wa 40. Carl von Weizsäcker alikuwa amekwisha kubashiri mwaka 1937 kwamba arigoni-40 hutokana na kuoza kwa potasiamu-40 ndani ya mawe, mchakato ambao huipunguza potasiamu hiyo kwa nusu katika kila miaka bilioni 1.25. Hakuna nyotamkia iliyoileta gesi hiyo, maana Dunia ilipozaliwa ilikuwa bado haijatengenezwa. Imezaliwa humu humu ardhini na imepanda taratibu hadi kufikia karibu asilimia moja ya hewa yote. Tena wanaokadiria kiasi cha potasiamu kilichomo duniani huona kwamba takribani nusu ya arigoni hiyo bado imebaki chini, jambo linalotuambia kwamba Dunia haijamaliza kutoa pumzi yake.

Sasa nije kwa nyotamkia. Miili hii ya barafu na vumbi iliundwa mbali na Jua, palipokuwa na baridi ya kutosha kugandisha hata gesi ambazo mawe ya karibu na Jua yasingeweza kuzishika. Kipimo cha kwanza kilichotumika kuzihukumu ni deuteri, yaani haidrojeni nzito. Katika maji ya bahari kuna atomi moja ya deuteri kwa kila atomi takribani 6,400 za haidrojeni. Chombo Giotto cha Ulaya kilipopita karibu na nyotamkia ya Halley mwaka 1986 kilikuta uwiano wa takribani mara mbili ya huo, na Hyakutake na Hale-Bopp, zilizopita miaka ya 1996 na 1997, zikaonyesha hali kama hiyo. Kisha mwaka 2011 darubini ya anga Herschel ikaipima Hartley 2 na kukuta maji yanayofanana na ya bahari zetu, na wengi wakadhani kesi imekwisha. Miaka mitatu baadaye chombo Rosetta kikafika kwenye nyotamkia 67P/Churyumov-Gerasimenko, na timu ya Kathrin Altwegg wa Chuo Kikuu cha Bern ikatangaza uwiano wa zaidi ya mara tatu ya bahari. Kesi ikafunguliwa upya.

Hoja ya deuteri haikuishia hapo. Mwaka 2024 Kathleen Mandt na wenzake walipitia upya vipimo zaidi ya 16,000 vya Rosetta, wakaonyesha kwamba vumbi lililokizunguka chombo lilikuwa likiongeza deuteri katika vipimo vilivyochukuliwa karibu na nyotamkia, na kwamba thamani halisi iko chini sana kuliko ile ya mwanzo. Ndiyo maana nawaomba wale wanaoitumia namba ya mwaka 2014 kama hukumu ya mwisho dhidi ya nyotamkia waiache, kwani haiwezi tena kubeba uzito huo.

Ushahidi ninaouamini zaidi ulipatikana Mei 2016, Rosetta ilipokaribia 67P hadi umbali wa kilomita chache na kunusa zenoni. Gesi hii ina isotopu tisa thabiti, na ile ya hewani mwetu ilikuwa imewasumbua wataalamu kwa miongo mingi, kwa sababu hata baada ya kurekebisha hesabu zote, chimbuko lake lilionekana kuwa na upungufu wa isotopu nzito za 134 na 136 ambao haukulingana na Jua wala na kimondo chochote kilichojulikana. Rosetta iliukuta upungufu huo huo katika 67P, tena mkubwa zaidi. Bernard Marty na wenzake walipokokotoa mwaka 2017 walipata kwamba takribani asilimia 22 ya zenoni ya hewa yetu ilitoka kwenye nyotamkia, na iliyobaki ilitoka kwenye vimondo vya mawe.

Nawasilisha. Karibuni tujadiliane.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta uzi, nashukuru kwa maelezo haya. Naomba ufafanuzi wa jambo moja. Ikiwa zaidi ya sehemu moja kwa tano ya zenoni ililetwa na nyotamkia, na nyotamkia zenyewe kwa kiasi kikubwa ni barafu ya maji, je, si haki kusema kwamba zilileta pia sehemu moja kwa tano ya bahari? Naona kama umewanyima haki yao wanaozitetea.

Mleta uzi

Swali lako, ndugu yangu, ndilo kiini cha uzi huu, na jibu lake linategemea kulinganisha mizigo. Katika nyotamkia gesi adimu ni nyingi mno zikilinganishwa na maji, ilhali katika Dunia ni chache mno zikilinganishwa na bahari zilizopo. Rosetta iliipima arigoni-36 ndani ya 67P pamoja na maji yake. Ukichukua uwiano huo na kujaribu kuijaza bahari yote kwa nyotamkia za aina hiyo, utaishia na arigoni-36 nyingi kupita kiasi kuliko iliyopo hewani. Ukirudi nyuma na kuruhusu nyotamkia zilete arigoni na zenoni inayovumilika tu, maji yanayofuatana nazo hayazidi takribani asilimia moja ya bahari. Mzigo mdogo wa barafu ulitosha kubadilisha sura ya gesi adimu bila kuongeza kina cha bahari kwa kiasi cha maana.

Naitrojeni inashuhudia vivyo hivyo. Katika nyotamkia zilizopimwa, naitrojeni-15 ni takribani maradufu ya ile ya hewa yetu ikilinganishwa na naitrojeni-14. Kama nyotamkia zingekuwa zimeleta sehemu kubwa ya naitrojeni tunayoivuta, alama hiyo nzito ingeonekana hewani, nayo haionekani. Kwa sababu hiyo hata mwaka 2025, darubini ya ALMA nchini Chile ilipotumika kuonyesha kwamba maji ya nyotamkia 12P/Pons-Brooks yana deuteri inayolingana na ya bahari, mimi sikubadilisha msimamo. Kufanana kwa deuteri kunaziruhusu nyotamkia ziwe chanzo cha maji, lakini arigoni na naitrojeni zinasema kwamba sehemu kubwa ya maji hayo ilitoka kwingine.

Kule kwingine ni kwenye mawe yaliyoijenga Dunia yenyewe. Mwaka 2020 Laurette Piani na wenzake, huko Nancy nchini Ufaransa, walipima haidrojeni katika vimondo vya aina ya enstatiti, ambavyo isotopu zake zinafanana sana na za Dunia na ambavyo hapo awali vilihesabiwa kuwa vikavu kabisa. Walikuta haidrojeni ya kutosha kuzalisha angalau mara tatu ya maji ya bahari zetu, iwapo Dunia ilijengwa kwa mawe ya aina hiyo. Vimondo vyenye kaboni nyingi navyo vilichangia, kwani baadhi yake hubeba maji yanayofikia asilimia 10 ya uzito wake ndani ya madini. Kwa mtazamo huu maji yalikuwa sehemu ya matofali tangu ujenzi ulipoanza, na kazi ya magma na volkeno ilikuwa kuyatoa nje.

Mchangiaji kutoka Mbeya

Mleta uzi, salaam. Nafundisha jiografia huku nyanda za juu kusini, nami napenda kuongeza yanayoonekana kwetu. Anayefika maji moto ya Songwe huona gesi ikibubujika na chokaa ikijijenga kando ya chemchemi, na upande wa Rungwe iko kaboni dayoksaidi inayovunwa ardhini kwa ajili ya viwanda. Wanafunzi wangu huniuliza kama gesi hiyo ni ile ile ya enzi za Dunia changa. Huniuliza pia kuhusu Kimondo cha Mbozi: je, ni mwili wa aina hiyo ulioleta maji?

Mleta uzi

Mwalimu, shikamoo, na ahsante sana kwa mchango huu.

Kuhusu Mbozi, jibu ni hapana. Kile ni kimondo cha chuma, takribani asilimia 90 chuma na kilichobaki karibu chote nikeli. Chuma cha namna hiyo hutoka katika miili iliyoyeyuka kisha metali yake ikatengana na mawe, na huko maji hayabaki.

Kuhusu gesi ya Rungwe inabidi tuwe waangalifu. Kaboni dayoksaidi peke yake haitaji umri wake, kwa sababu kaboni husafiri: hutoka volkenoni, huingia baharini, hugeuka chokaa, na sehemu yake hurudishwa tena chini ya ganda la dunia. Shahidi wa kuaminika ni heli-3, ambayo karibu yote ni masalia ya kuundwa kwa Dunia, tofauti na heli-4 ambayo huzalishwa kila siku na kuoza kwa urani na thori. Madini yaliyomo katika lava ya Rungwe yamepimwa na kukutwa na uwiano wa heli-3 kwa heli-4 unaofikia karibu mara 15 ya ule wa hewa, wakati magma ya kawaida chini ya bahari huwa karibu mara 8. Hiyo ni dalili ya mawe yanayopanda kutoka kina kirefu cha mantili, lile tabaka la mawe moto lililo chini ya ganda, ambako gesi za mwanzo hazijatoka zote. Kwa hiyo waambie wanafunzi wako, mwalimu, kwamba sehemu ndogo ya kinachopanda chini ya miguu yao kweli imekaa humo tangu Dunia ilipozaliwa.

Bonde la Ufa lote ni darasa la somo hili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu gesi za Ol Doinyo Lengai ulionyesha kwamba, pamoja na ajabu ya lava yake ya kabonati, gesi zake zinafanana na zile za mantili ya kawaida chini ya bahari. Na mwaka 2016 watafiti waliopima udongo juu ya nyufa za bonde la Magadi na Natron, mpakani mwa Kenya na Tanzania, walikadiria kwamba takribani tani milioni 4 za kaboni dayoksaidi hutoka humo kila mwaka, nyingi bila moshi wala mlipuko wowote. Tunapoiwazia Dunia changa tusiwazie milipuko tu, maana ardhi iliyopasuka inaweza kutoa gesi nyingi kwa ukimya.

Mchangiaji wa tatu

Mkuu, umesema hewa ya mwanzo ilikuwa na shinikizo la mamia. Ilikwenda wapi? Na tunajuaje uzito wa hewa ambayo hakuna aliyeipima?

Mleta uzi

Mvuke ulikuwa bahari. Kaboni dayoksaidi iliyeyuka katika maji, ikaungana na kalsiamu na kuwa chokaa, na sehemu kubwa ya kaboni hiyo sasa imelala katika mawe. Zuhura, ambako njia hii haipo, bado ina hewa ya shinikizo la takribani mara 92 ya letu, asilimia 96 yake ikiwa kaboni dayoksaidi. Kiasi kingine kilipotelea angani, na nyotamkia na asteroidi zenyewe zilihusika, kwani mgongano mkubwa huweza kurusha nje hewa iliyokuwapo wakati huo huo unapoleta gesi mpya.

Uzito wa hewa ya kale umepimwa, na baadhi ya vipimo vizuri vimetoka Afrika Kusini. Mwaka 2012 Sanjoy Som na wenzake walichunguza alama za matone ya mvua zilizohifadhiwa katika majivu ya volkeno ya Ventersdorp, yenye umri wa miaka bilioni 2.7. Tone huanguka polepole zaidi katika hewa nzito, hivyo ukubwa wa alama unaweka kikomo, na kikomo walichopata ni kwamba hewa ya wakati huo haikuzidi maradufu ya uzito wa sasa. Mawe mengine ya enzi hiyo kutoka Australia yanaonyesha hewa nyepesi hata kuliko ya leo.

Mawe ya Barberton, pia Afrika Kusini, ndiyo ninayoyathamini zaidi. Ndani ya kwazi yenye umri wa miaka bilioni 3.3 kuna vitone vya maji vilivyonasa hewa ya wakati huo, na zenoni yake ni nyepesi kidogo kuliko ya leo, yaani ilikuwa bado iko njiani kuelekea hali ya sasa. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba zenoni huchajika kwa urahisi na mionzi ya Jua, ikakokotwa na haidrojeni iliyokuwa ikitoroka, hadi oksijeni ya viumbe ilipojaa hewani yapata miaka bilioni 2.4 iliyopita na kuukatisha mtiririko huo. Ile asilimia 22 ya nyotamkia imekokotolewa baada ya kuondoa athari hii, na ndiyo sababu kipimo cha Barberton kina uzito: bila kujua zenoni ilivyobadilika hewani, alama ya nyotamkia isingesomeka.

Kipo kipimo kimoja ambacho bado kinasubiriwa. Zenoni ya Mirihi inajulikana, na chimbuko lake linafanana na la Jua, bila ule upungufu wa isotopu nzito tunaouona kwetu. Ya Zuhura haijawahi kupimwa isotopu zake. Chombo DAVINCI cha Marekani kimepangwa kushuka katika hewa ya Zuhura kikiwa na kifaa cha kupima gesi adimu. Kikikuta upungufu wa 134 na 136, tutajua kwamba nyotamkia zilizoinyeshea Dunia ziliinyeshea na jirani yake. Kisipoukuta, itabidi tueleze kwa nini sayari mbili zinazokaribiana kwa ukubwa na kwa umbali kutoka kwa Jua zilipokea wageni tofauti.